Dau linavyommaliza shabiki: Somo kutoka mbio za farasi Hong Kong

Jumamosi usiku, mechi za Ligi Kuu England zikiisha, mazungumzo kwenye vibanda umiza huwa ni yaleyale. Fulani kachaniwa na Chelsea. Mwingine alibakiza timu moja tu, mkeka wa timu 12 ungetiki. Wiki nzima inayofuata ni ya kutafuta mchawi: kipa aliyetema mpira, refa aliyekataa penalti, kocha aliyemtoa mshambuliaji dakika ya 80 wakati watu bado wanahitaji bao. Timu inachambuliwa mpaka basi.

Kuna swali moja ambalo halijadiliwi kabisa. Ule mkeka uliwekewa shilingi ngapi, na hizo shilingi zilikuwa sehemu gani ya fedha aliyokuwa nayo mwenye mkeka siku hiyo?

Swali hilo linaonekana dogo. Lakini kwenye mchezo mmoja ambao mashabiki wengi wa soka hawana habari nao, mbio za farasi, hilo ndilo swali la kwanza na la mwisho. Watu wachache waliowahi kupata fedha ya maana kwa kubeti farasi walianza na hesabu ya dau. Na wengi waliofilisika kwenye viwanja hivyo walikuwa wanajua farasi vizuri tu.

Kwa sasa mjadala wa kamari kwenye soka uko kwingine. Aprili 2023 klabu za Ligi Kuu England zilikubaliana kuondoa nembo za kampuni za kamari kwenye kifua cha jezi, utaratibu unaoanza rasmi msimu wa 2026/27. Mwezi uliofuata Ivan Toney, wakati huo akiwa Brentford, alifungiwa miezi minane kwa makosa 232 ya kuvunja kanuni za kubeti. Oktoba mwaka huohuo ikawa zamu ya Sandro Tonali wa Newcastle, miezi 10. Kwa jirani zetu Kenya, mwishoni mwa Aprili 2025 bodi inayosimamia kamari ilisimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30.

Yote hayo yanahusu jezi, matangazo na wachezaji. Shabiki anayeweka buku mbili kila siku na kumaliza mwezi hana nauli, huyo hajafungiwa na hakuna kikao kinachomjadili. Anaambiwa tu acheze kistaarabu, halafu anaachwa.

MTU ALIYEPIGWA KWANZA, AKASHINDA BAADAYE

Bill Benter ni Mmarekani wa Pittsburgh. Alianzia kwenye kasino za Las Vegas akihesabu karata kwenye meza za blackjack, mpaka kasino zikamchoka na kumpiga marufuku. Katikati ya miaka ya 1980 yeye na mwenzake Alan Woods, raia wa Australia, wakahamia Hong Kong wakiwa na mtaji wa takriban dola 150,000 za Marekani. Lengo lilikuwa kutumia kompyuta kubashiri farasi.

Mwanzo ulikuwa mbaya. Sehemu kubwa ya mtaji ule ililiwa, na baadaye wawili hao wakaachana. Hapo ndipo wengi huishia. Benter akarudi Marekani, akatafuta fedha upya, akarudi Hong Kong kurekebisha mahesabu yake.

Kwa nini Hong Kong? Kwanza, kuna viwanja viwili tu, Happy Valley na Sha Tin, na farasi ni walewale wanaokutana msimu mzima. Ni kama ligi yenye timu chache zinazocheza kila wiki, kumbukumbu zote zimeandikwa vizuri: uzito aliobeba farasi, aliyempanda, mkufunzi wake, alianzia mlango gani, alipumzika siku ngapi. Pili, fedha inayozunguka ni nyingi mno, kwa hiyo dau kubwa la mtu mmoja haliharibu odds papo hapo.

Jambo la tatu ndilo muhimu zaidi. Kule hakuna kampuni inayopanga odds halafu inasubiri mteja akosee. Madau yote ya mbio moja yanaingia kwenye chungu kimoja. Hong Kong Jockey Club, inayoendesha mchezo wote, inakata asilimia 17.5 kwenye chungu cha mshindi, kisha kilichobaki kinagawiwa kwa waliopatia. Maana yake ni kwamba watu wanakulana wenyewe kwa wenyewe, na klabu inachukua chake kabla hata farasi hawajatoka mlangoni.

Fikiria makato hayo. Katika kila Sh1,000 inayoingia, Sh175 imeshaondoka. Ili mtu apate faida hapo, haitoshi kujua farasi kuliko jirani yake. Lazima awazidi wengine kwa kiasi kinachofunika hayo makato na kubaki na chenji.

Benter alifika hapo, na mwaka 1994 akachapisha maelezo ya mfumo wake. Ndani yake kuna jambo ambalo wengi wanaojiita wataalamu wa mikeka mtandaoni wangelificha. Makadirio ya kompyuta yake peke yake hayakutosha. Alilazimika kuyachanganya na odds za umma, yaani maoni ya wale wabashiri wengine wote. Watu wa kawaida, wakijumlishwa, walikuwa wanajua vitu ambavyo kompyuta yake haikuviona. Mtu mwenye takwimu za miaka yote bado aliheshimu odds. Shabiki mwenye takwimu za mechi tano za mwisho huziona odds kama zawadi ya kampuni iliyosahau kwamba Manchester City iko nyumbani.

HESABU YA KELLY

Ukishakuwa na makadirio mazuri, unaweka kiasi gani? Jibu ambalo Benter na wenzake walilitumia lilikuwepo tangu 1956, na halikutoka kwenye kamari. Lilitoka kwa John Kelly, mwanasayansi wa Bell Labs, maabara ya kampuni ya simu Marekani, aliyekuwa akishughulika na nadharia ya kusafirisha taarifa kwenye waya.

Hesabu yenyewe ni ya darasa la saba. Chukua nafasi ya timu kushinda kwa makadirio yako, zidisha kwa odds, toa moja. Kinachopatikana kigawe kwa odds ukitoa moja. Jibu ndiyo sehemu ya mfuko wako unayotakiwa kuweka.

Tuseme timu ya ugenini imepewa odds za 3.00, na mtu anaamini, kwa sababu za msingi, kwamba ina nafasi ya asilimia 40. Asilimia 40 mara 3 ni 1.2. Toa moja, inabaki 0.2. Gawa kwa 2, unapata 0.1. Aweke asilimia 10 ya mfuko. Mwenye Sh100,000 aweke Sh10,000, na si shilingi zaidi.

Sasa punguza makadirio kidogo. Kama nafasi halisi ni theluthi moja, hesabu inatoa sifuri. Kama ni asilimia 30, inatoa namba hasi, yaani hilo dau halitakiwi kuwepo kabisa. Tofauti kati ya asilimia 40 na 30 kwenye mechi ya mpira ni ndogo mno; mshambuliaji mmoja akiumia mazoezini Ijumaa imeshatosha. Kwa sababu hiyo, wengi wanaotumia hesabu ya Kelly kazini huweka nusu ya inachosema, au hata chini ya hapo. Wanajua kwamba makadirio yao yenyewe yana makosa, na kosa la kuweka nyingi linauma kuliko kosa la kuweka kidogo.

Uzuri mwingine wa mfumo huu ni kwamba dau linafuata mfuko. Mfuko ukishuka, dau linashuka. Ukipanda, linapanda. Shabiki wa kawaida hufanya kinyume chake: akipoteza ndiyo anaongeza.

Na kupoteza mfululizo ni jambo la kawaida kuliko watu wanavyodhani. Kwenye mbio za farasi, yule anayepewa nafasi kubwa kuliko wote hushinda karibu theluthi moja tu ya mbio. Anayembeti huyo kila mara, siku hata siku, ana nafasi kama moja kati ya 58 ya kukosa mara 10 mfululizo kuanzia mbio yoyote ile. Kwa mtu anayecheza mbio mamia kwa msimu, hilo litamkuta. Siyo mkosi wala hakuna aliyemroga.

Kinachotofautisha watu siku hiyo ni dau. Aliyekuwa na Sh100,000 na kuweka asilimia mbili ya mfuko kila mara, baada ya kukosa mara 10 anabaki na kama Sh81,700. Anaumia lakini yupo. Aliyekuwa anaweka asilimia 20 anabaki na Sh10,700, na ili arudi alipoanzia anahitaji kuzidisha hiyo fedha zaidi ya mara tisa. Wote wawili walichagua farasi walewale.

MKEKA UNAVYOKULA

Hadi hapo shabiki anaweza kusema, sawa, basi na mimi nitaweka asilimia mbili kwenye mkeka wangu. Tatizo ni mkeka wenyewe.

Chukua soko rahisi kabisa, Over na Under 2.5, ambapo kampuni imetoa odds za 1.90 kila upande. Kama kweli pande zote zina nafasi sawa, odds za haki zingekuwa 2.00. Ile tofauti ya senti 10 ndiyo makato ya kampuni. Kwa wastani, kila Sh1,000 inayowekwa inarudisha Sh950. Ni makato madogo kuliko ya Hong Kong, na kwa mechi moja yanavumilika.

Sasa suka mkeka wa mechi 10 za namna hiyo. Nafasi ya kupatia zote ni moja kati ya 1,024. Malipo ya haki kwa Sh1,000 yangekuwa Sh1,024,000. Lakini 1.90 ikizidishwa yenyewe mara 10 inatoa kama 613, kwa hiyo kampuni italipa kama Sh613,000, tena kabla ya kodi. Makato yaliyokuwa asilimia tano kwenye mechi moja yamefika asilimia 40. Hakuna aliyeiba wala kudanganya. Yamezidishwa tu, mechi kwa mechi, kwa hiari ya mwenye mkeka.

Hapo ndipo inaeleweka kwa nini kampuni huongeza bonasi kadri timu zinavyozidi kwenye mkeka. Mwenye duka hapunguzi bei ya bidhaa inayompa hasara.

Mfano wa mwezi mmoja unaonyesha vizuri zaidi. Shabiki ametenga Sh20,000. Akiziweka kwenye mechi 10 moja moja, Sh2,000 kila mechi kwa odds za 1.90, kwa wastani atapoteza Sh1,000 kwa mwezi. Ni bei ya soda moja au mbili, na mechi 10 amezitazama roho juu. Akiziweka kwenye mikeka 10 ya timu 10 kila mmoja, hasara ya wastani ni kama Sh8,000. Ila huo wastani wenyewe unadanganya, kwa sababu katika miezi 99 kati ya 100 atapoteza zote 20,000. Miezi 100 ni zaidi ya miaka minane. Atakuwa ametoa Sh2,000,000 akisubiri mkeka mmoja utakaomlipa kama Sh1,226,000.

Miaka minane mtu huoa, huzaa na kumpeleka mtoto shule.

Jackpot ni mkeka uliokwenda mbali zaidi. Mwaka 2017 nchini Kenya mtu mmoja alipatia mechi 17 na kuondoka na zaidi ya Sh221 milioni za Kenya, picha zake zikazunguka Afrika Mashariki nzima. Mechi 17 zenye matokeo matatu kila moja zina michanganyiko 129,140,163. Anayejua mpira anapunguza hiyo namba kiasi, lakini haigeuki kuwa ndogo.

Ni kweli hata Benter aliwahi kucheza jackpot. Hong Kong kuna dau linaloitwa Triple Trio, ambalo mtu hutaja farasi watatu wa kwanza katika mbio tatu tofauti. Mwaka 2001 kundi lake lililipatia, likiwa limenunua maelfu ya michanganyiko kwa wakati mmoja kwa fedha iliyokuwa kipande tu cha mfuko wao, na tena pale tu chungu kilipokuwa kimejaa fedha za wiki zilizopita zilizokosa mshindi. Hawakwenda kuchukua zawadi, na fedha ikaishia kwenye misaada ya klabu. Tiketi moja ya kujaribu bahati Jumapili na kazi ile havina undugu.

WENYE TIMU WANAJUA

Shabiki anayedhani haya ni mambo ya farasi pekee aangalie msimamo wa Ligi Kuu England. Tony Bloom, mwenyekiti wa Brighton tangu 2009, alitajirika kwa kubeti na kwa kucheza poka, na kampuni yake ya Starlizard inauza uchambuzi wa takwimu za kubeti. Matthew Benham, mmiliki wa Brentford, aliwahi kufanya kazi chini ya Bloom kabla ya kuanzisha yake, Smartodds. Brighton ilipanda Ligi Kuu 2017, Brentford ikafuata 2021. Union Saint-Gilloise ya Ubelgiji, ambayo Bloom aliwekeza mwaka 2018, ilitwaa ubingwa wa nchi hiyo mwaka 2025. Na huyo Bloom ana farasi pia. Energumene wake alishinda Queen Mother Champion Chase pale Cheltenham mwaka 2022 na 2023.

Ukiangalia wanavyonunua wachezaji unaiona hesabu ileile. Hawaweki fedha yote kwa staa mmoja. Wananunua vijana wengi kwa bei ndogo, kila mmoja akiwa kipande kidogo cha mfuko, wakijua baadhi watafeli. Moisés Caicedo alipouzwa Chelsea mwaka 2023 kwa zaidi ya pauni milioni 100, Brighton walikuwa wamemnunua kwa pauni milioni chache tu. Caicedo mmoja analipia wengi ambao hakuna anayewakumbuka majina.

Watu kama hao wana timu ya wachambuzi, kompyuta, taarifa za majeruhi kabla ya wengine, na bado wanaweka dau kwa vipande. Tena huko Ulaya anayeshinda mfululizo kwenye kampuni za kawaida hupunguziwa kiwango cha dau au kufungiwa akaunti. Akaunti inayopewa ofa kila wiki na kuongezewa bonasi ni ya mteja ambaye kampuni haina hofu naye.

FARASI WA KWENYE SKRINI

Karibu na hapa, mbio halisi za farasi zipo Nairobi, uwanja wa Ngong, chini ya Jockey Club ya Kenya. Shabiki wa Dar, Mwanza au Mbeya hukutana na farasi kwa njia nyingine. Ni wale wa kuchorwa na kompyuta, wanaokimbia kwenye runinga ya duka la kubeti kila baada ya dakika chache, wakipishana na mbwa na mechi za mpira za kompyuta.

Hapo somo lote la Hong Kong linakufa. Farasi wa Sha Tin ana miguu, ana umri, ana majeraha. Kuna kitu cha kujua juu yake. Farasi wa skrini hana historia. Matokeo yanatolewa na programu inayochagua namba, na makato yamewekwa ndani yake tangu mwanzo. Mzee anayekaa pembeni na daftari akiandika kwamba namba nne haijashinda mbio 15, kwa hiyo sasa ni zamu yake, anaandika bure. Programu haikumbuki mbio iliyopita. Ukiiweka kwenye hesabu ya Kelly, jibu ni sifuri au chini yake, kila mbio, kila siku. Ndege ya Aviator ni hivyohivyo.

Na kasi ndiyo hatari kubwa zaidi. Mechi ya Simba na Yanga inampa mtu dakika 90 za kupumua. Farasi wa skrini wanaweza kukimbia mbio 10 ndani ya nusu saa, na makato yanakatwa kila mbio.

Kasi hiyo ndiyo inayozaa ugonjwa wa kufidia. Maarufu zaidi ni ule wa kudabo: ukipoteza buku, weka mbili, kisha nne, kisha nane, mpaka upatie, kwa imani kwamba ushindi mmoja utarudisha zote. Ukipoteza mara saba mfululizo umeshatoa Sh127,000, na dau la nane ni Sh128,000, wakati ulichokuwa unatafuta mwanzoni ni faida ya Sh1,000. Hapo ni kwa odds za 2.00. Kwa odds za 1.90 mambo ni mabaya mapema zaidi. Ukishakosa mara nne umepoteza Sh15,000. Dau la tano la Sh16,000 likishinda linaleta faida ya Sh14,400. Umepatia, na bado una deni.

Kukosa mara saba kwenye dau la nusu kwa nusu ni nafasi moja kati ya 128. Kwa mtu wa mbio za skrini, 128 ni kazi ya siku chache.

FEDHA INAKAA WAPI

Mabingwa wa Hong Kong walikuwa na kitu kimoja ambacho hakihitaji kompyuta. Mfuko wa kubeti ulikuwa peke yake. Ukiisha, kazi imesimama, na kodi ya nyumba haijaguswa. Benter alipolipuka mara ya kwanza alikwenda kutafuta mtaji mwingine kwa kazi, akaanza tena.

Mazingira ya hapa ni magumu kwa hilo, na siyo kosa la shabiki peke yake. Fedha ya kubeti inakaa kwenye simu ileile, laini ileile, yenye fedha ya kodi, ada ya mtoto, marejesho ya bodaboda na mchango wa kikoba. Kutoka hapo hadi kwenye akaunti ya kubeti ni sekunde chache na namba ya siri. Salio likiisha, simu hiyohiyo inatoa mkopo wa papo kwa papo wenye riba. Dau la fedha ya mkopo lina makato mawili, ya kampuni ya kubeti na ya mkopeshaji, na hakuna odds za mechi ya kawaida zinazofunika yote mawili.

Kijana wa bodaboda anayepeleka hesabu kwa bosi kila jioni ndiye mfano ulio wazi. Siku aliyopata Sh25,000, na hesabu ya bosi ni Sh10,000, mfuko wake si Sh25,000. Toa hesabu, mafuta, chakula na cha nyumbani, huenda kimebaki Sh3,000. Asilimia mbili ya hapo ni Sh60. Kampuni nyingi hazipokei hata dau la namna hiyo. Kwa maneno mengine, kwa hesabu ya watu waliofanikiwa kwenye kazi hii, mfuko wa siku wa kijana huyu hautoshi kuweka dau hata moja. Anachoweka, kiwe jero au buku, ni kiingilio cha burudani, sawa na kiingilio cha kibanda umiza, na kinatakiwa kihesabiwe hivyo: kimetoka, hakirudi.

Wapo wanaoliweza hilo. Wanatenga kiasi cha mwezi kwenye laini ya pili isiyo na mkopo, wanacheza mechi moja au mbili badala ya kumi, na ikiisha tarehe 12 wanasubiri mwezi mwingine huku wakitazama mpira kama watu wengine. Baadhi ya kampuni zina sehemu ya mteja kujiwekea kikomo cha fedha anayoweza kuingiza kwa siku au kwa wiki, na hata kuomba afungiwe kabisa. Haipo kwenye ukurasa wa mbele. Bodi ya Michezo ya Kubahatisha ingeweza kuagiza kikomo hicho kijazwe siku mteja anafungua akaunti, kabla ya dau la kwanza, kama anavyojaza namba ya simu na kuthibitisha kwamba ametimiza miaka 18.